Karani, Dume la Mnadani na Kompyuta Yangu

Mwaka 1975 nilikuwa na miaka tisa, na shida yetu ilianzia kwenye shingo ya ng'ombe. Nawaeleza wenzangu wa rika langu, maana kijana wa leo ukimtajia nira anakuuliza inauzwa duka gani. Mwezi uliopita shingo ile ilinirudia hapa Nyamongo, nimekaa mbele ya kompyuta yangu iliyopasuliwa kama kuku. Lakini nianze kwetu Kerende.

Asubuhi zetu zilikuwa na harufu ya moshi, samadi mbichi na kibuyu cha maziwa kilichosafishwa kwa mkaa. Ugali ulikuwa wa mtama na muhogo, mweusi, mzito. Tonge likikudondokea mguuni unachechemea. Matunda ya ndulele ndiyo yalikuwa ng'ombe wetu wa mchezo, kila mtoto na zizi lake la mawe, tukaibiana hadi tukapigana kweli. Shule tulikwenda peku, mkononi kuni za mwalimu, tukaandika mchangani kwa kidole. Mwalimu akishasahihisha anafuta kwa kiatu. Ndiyo madaftari yangu hayo, usiniombe nikuonyeshe.

Msimu wa kulima kazi yangu ilikuwa kushika kamba mbele ya ng'ombe wa plau. Umande unakukata miguu, pumzi ya ng'ombe inakuunguza mgongo, nyuma baba anapiga mluzi. Kiongozi wao alikuwa mzee, pembe moja imekatika ncha, na shamba alilijua kuliko mimi. Akifika mwisho wa mstari anageuka mwenyewe, akikuta kisiki anasimama. Kwa akili hiyo tukamwita Karani. Kosa lake lilikuwa moja tu, alikwenda pole pole. Jioni baba alikuwa anapitisha kiganja pale nira ilipokaa, anatafuta joto. Penye joto, kesho yake hakuna kulima.

Mwaka huo mvua ilichelewa, halafu ikaja kwa pupa. Majirani wameshapanda, sisi tuko robo ya shamba. Baba akauza mbuzi, akanunua dume la mnadani, jekundu, shingo kama gogo. Akalifunga nira moja na Karani ili kazi iende mbio. Mama alikuwa kando na kapu la mbegu.

"Baba Marwa," akasema, "huyo mzee atatoa wapi miguu ya huyo kijana?"

Baba akamwambia ashike mbegu zake, habari za ng'ombe amwachie mwenyewe.

Mstari wa kwanza tulikimbia, na mimi nilifurahi, sifichi. Wa pili nikasikia nira inalia. Wa tatu dume likavuta mbele, nira ikapinda, Karani akapiga magoti, na dume halikusimama. Mlio wa ile shingo ikivunjika ninao mpaka leo. Baba alikaa kwenye mtaro, kofia mkononi. Kisha akaniambia, "Mura, kijana wangu, ng'ombe hafi kwa kazi. Anakufa kwa mwenzake."

Dume peke yake halikujua shamba. Sehemu kubwa ikabaki majani, njaa ikaingia ndani, na mimi nikatolewa darasa la tatu kwenda kuchunga kwa mjomba. Sikurudi tena shule.

Cherehani nilifundishwa ukubwani, Tarime, na fundi mmoja Mwislamu mwenye asili ya Tanga, mtu mpole mwenye rula ya kupiga vidole. Leo nashona sare za shule na kudarizi nembo kwenye masweta. Ndiyo, mimi niliyeandika mchangani. Mashine ya kudarizi inaongozwa na kompyuta ya zamani, na ndani yake zimo nembo nilizochora mwenyewe kwa miaka kumi na minane. Ila ukifungua nembo moja, unaweza kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha na kikombe. Mwezi uliopita shule moja ilitaka masweta mia tatu kabla ya kufungua, na kompyuta ikawa inaganda katikati ya kazi. Kununua mpya haisaidii. Kompyuta za siku hizi hazina tundu la waya wa mashine yangu, na ile programu inazikataa. Ikifa hii, nimekufa na mimi.

Akaja Zuhura, mjukuu wa yule fundi aliyenifundisha. Yeye anatengeneza kompyuta. Alileta kadi ndogo ya kijani yenye prosesa nyingine, ya kuchomeka pale ilipokaa ile ya zamani, ili kompyuta ifikiri kwa kasi mara tatu ya mwanzo.

"Babu, huyu mzee wako atakimbia kama kijana," akasema.

Nikamwambia aache kwanza. Akacheka, akauliza naogopa nini, kadi haiumi mtu.

"Hiyo mpya inakula umeme kiasi gani?" nikamuuliza. "Na kompyuta hii ya zamani itabeba?"

"Hii si ng'ombe, babu."

"Najua si ng'ombe. Ng'ombe ningempima mwenyewe. Pima wewe."

Alipima ili mzee anyamaze. Akafungua pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, akamulika kwa simu, na kicheko kikaisha. Vikopo vya kuhifadhi chaji mle ndani vimevimba vichwa, viwili vinavuja. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa prosesa ya zamani boksi lile lilikuwa linajikongoja. Kwa mpya lingeungua, na pengine lingeondoka na diski yenye nembo zangu zote. Nilikuwa nasikia nira inalia.

Siku hiyo alinakili tu nembo kwenye flashi mbili, akaenda. Moja niliitia mfuko wa shati nikafunga kifungo. Keshokutwa yake akarudi na boksi jipya lenye nguvu, akalifunga, ndipo akachomeka kadi. Akawasha. Feni ikazunguka, kioo cheusi. Mke wangu akaacha kupiga pasi. Kioo bado cheusi. Nikashika kile kifungo cha mfuko wenye flashi. Halafu herufi nyeupe zikaanza kushuka, na nembo ya kwanza ikafunguka kabla sijavuta kiti.

Masweta yalitoka siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Lakini kila jioni bado naweka kiganja juu ya lile boksi, natafuta joto, na vijana wanaoshona hapa kwangu wananicheka.

Siwadanganyi kwamba zamani ilikuwa raha, tulilala njaa. Ila tulijua kungoja, mvua inyeshe, maziwa yagande, baba arudi mnadani. Leo watu wananunua kasi, hawaulizi nani ataibeba.

Leo nina nyumba ya bati ya vyumba vitano, cherehani sita, mashine moja ya kudarizi, kompyuta moja, flashi mbili, na ng'ombe kumi na wanne. Wa plau ni wanne. Mzee wao anafungwa nira moja na mzee mwenzake.