Glavu Nyeupe za Chama cha Ndugu

Wiki jana nilipita Milimani, mtaa wa matajiri, nikakuta wanabomoa ukumbi wa Chama cha Ndugu. Milango imeng'olewa, na kile kiti kirefu cha Mkuu wao, ambacho baba yangu alikitaja kwa sauti ya chini utadhani ni sanduku la agano, kimekaliwa na bawabu anayetafuna mahindi ya kuchoma. "Mama, kama unataka hii kiti, beba tu," akaniambia. "Ikibaki tunapasua kuni." Nilicheka hadi nikashika ukuta. Kisha kicheko kikaniishia, maana aliyestahili kukicheka kiti kile ni nyanya yangu, naye alizikwa kijijini kwao Ahero zamani.

Ukumbi huo, rafiki yangu, ulijengwa na wazungu waliotaka mahali pa kuitana waheshimiwa mbali na wake zao. Walipoondoka waliacha ufunguo, kiti na nyimbo zisizoeleweka. Watu wetu, badala ya kuzitupa takataka hizo, walizipangusa vumbi wakaziita heshima. Wanachama walikuwa maofisa na mawakili wenye magari. Baba alikuwa karani tu, nasi tuliishi mtaa wa mabanda wa Obunga katika nyumba ya mabati, ambamo mvua ikinyesha watu hawasikizani. Alipokaribishwa chamani alitembea wiki nzima kifua mbele, na sisi wanawe tukakatazwa kula miwa barabarani.

Aliingizwa Jumamosi mchana. Yaliyotendeka humo yalikuwa siri ya kufa nayo, na siri hiyo ilidumu mpaka Jumatatu, siku ya kufua. Nyanya hakulala kwetu, kwa kuwa kwa mila zetu mama halali nyumbani kwa mwanawe. Alikuwa na chumba chake jirani, na kila asubuhi alikuja na kipande chake cha sabuni akakaa mbele ya karai. Siku hiyo aliinua suruali ya baba juani. Goti moja lilikuwa limechafuka kwa rangi nyekundu ya sakafu. Mguu wa pili ulikuwa na mikunjo hadi juu ya paja. Mfukoni mlikuwa na kitambaa cheusi chenye fundo, kipimo cha kichwa cha mtu.

"Nani amekutambaza hivi?" akamuuliza baba.

"Mama, hiyo mambo ni siri."

"Siri gani, na mimi ndio nafua?"

Basi ikawa mchezo wetu. Nyanya alijifunga kitambaa kile machoni, akapandisha gauni upande mmoja, akatambaa kuelekea sufuria ya omena, wale dagaa wa ziwani, huku akiapa kwa sauti nzito. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuchungulia. Baba hakucheka. "Hao ni watu wa kufa na kuzikana," alisema. "Siku yako ikifika, Mama, utabebwa na wakubwa, na glavu nyeupe mkononi."

Nyanya aliendelea kusugua. Kumbe neno lile lilimwingia. Mara iliyofuata alipoenda Ahero aliwaambia wenzake wa mashamba ya mpunga kwamba yeye hatabebwa ovyo. Mwanamke aliyekuwa akiwacheka wale watu aliwaamini, na hilo ndilo sijawasamehe.

Alifariki wakati wa mvua za masika, maji yakiwa yametanda uwanda wote. Wenye chama walikubali kuja. Baba alinipa glavu za wabebaji, jozi sita. Nilizifua kwa buluu ya kung'arisha nguo, nikazipiga pasi ya makaa, naye akazibeba kwenye mfuko hadi Ahero.

Tulingoja. Mhubiri alirudia sala mara tatu. Mwishowe akaja kijana wa bodaboda, matope hadi kiunoni, akiwa na shada la maua ya plastiki. "Wazee walifika hapo kwa lami," alisema. "Wameangalia maji, wakasema pole. Gari itakwama."

Gari! Wanaume waliotambaa wamefungwa macho juu ya sakafu iliyong'arishwa, wakaliita jambo hilo ujasiri, walishindwa na maji ya magotini. Majirani wa mpunga hawakuapa kiapo chochote. Walikunja suruali, miguu yote miwili, wakaliinua jeneza wakaingia majini. Baba alifuata nyuma na mfuko wake. Bibi mmoja kizee, rafiki wa nyanya, aligeuka akauliza kwa sauti, "Wale wa glavu wako wapi?"

Nilidhani yameisha. Jumamosi iliyofuata baba aliniita. "Nipigie pasi glavu, nachelewa." Alikuwa anarudi kwao! Niliweka pasi juu ya kiganja cha glavu ya kulia, nikaiacha hapo kwa makusudi hadi ikanuka. Alikitazama kile kidonda cha kahawia. Hakunigombeza. Aliivaa, akakunja ngumi alama isionekane, akapanda njia ya Milimani.

Tangu siku hiyo kufua kwetu kulikuwa kazi tu, karai na maji, bila mtu wa kutuchekesha. Nyumba ile ya Obunga haipo tena, na baba naye ameshatutoka. Alienda ukumbini kila Jumamosi hadi mwisho, mkono wa kulia umefumbwa.

"Mama, kiti unachukua ama?" bawabu aliniuliza tena.

"Pasua," nikamwambia, na nikangoja hadi alipoleta shoka.