Kioo Nilichofunga Siku ya Kungu

Nakumbuka siku niliyoambiwa, "Ingia garini, funga kioo," nami nikaingia, nikafunga. Ningekataa, mwanangu, leo nisingekuwa na cha kukuandikia.

Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi kijijini kwetu Bujonde, kando ya ziwa, kwa likizo fupi ya mwezi wa tisa. Unaujua mwezi huo kwetu. Baridi ya Julai imekwisha, ziwa limetulia, na joto linaanza asubuhi na mapema. Siku ya kwanza ya joto namna hiyo baba hutazama anga na kusema, "Leo hakuna jembe. Twende ziwani tukatoe baridi mwilini." Basi siku hiyo mama akafunga wali kwenye majani ya mgomba, baba akampakia mdogo wangu Atupele kwenye baiskeli, tukateremka sote.

Tulicheza, mwanangu. Baba, mzee wa kanisa aliyeogopwa na kijiji kizima, alimkimbiza Atupele majini huku amekunja suruali hadi magotini. Mimi nilibaki ukingoni, maana nilikataa kuvua viatu vya shule. "Mtazameni!" Atupele akapiga kelele. "Anaogopa samaki watamwibia soksi!" Mama alicheka hadi akakaa mchangani.

Halafu akanyoosha kidole.

Katikati ya ziwa, mbele ya milima ya Ukinga, moshi ulikuwa unapanda, kana kwamba mtu amewasha moto juu ya maji. Haukuwa moshi. Walikuwa kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani tunaowakanda na kuwala. Ikasimama nguzo moja, kisha tatu, kisha zikaungana zikawa ukuta, na upepo ukausukuma ukuta huo kuja kwetu. Ilikuwa saa sita mchana, lakini jua lilififia, likawa jekundu.

"Ndaga fijo, Kyala," mama akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, akalowesha ungo ili kungu wanate. Nyumbani kwetu ungo wa kwanza hupungwa na mtoto wa kwanza. Huyo ni mimi. Kila mwaka mama alinipa kwa mkono wake mwenyewe. "Asajile, njoo, baba," akaniita, akaninyooshea.

Wakati huo gari lilikuwa limesimama nyuma yetu. Ndani alikuwemo Gidioni, niliyesoma naye darasa moja, ametoka mjini Kasumulu na dereva wa baba yake. Shuleni nilikuwa nimemdanganya kwamba kwetu tunakula nyama kila siku. Akafungua mlango.

"Wee, ingia garini, funga kioo! Watakujaa puani hao!" Kisha akamwona mama na ungo wake. "Kumbe kweli wanawala? Unawajua wale?"

"Hapana," nikasema. "Ni watu wa huku tu."

Mama alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Ungo ulikuwa bado mkononi mwake, unachuruzika maji. Nikaingia. Nikafunga kioo.

Wingu likafika. Nimeishi miaka mingi, sijaona kitu kikubwa namna ile. Ziwa lilitoweka, milima ikatoweka, na kukawa na mvumo laini, kama mvua ndogo juu ya migomba. Watu wangu walimezwa, kisha wakatokea weusi tangu utosini hadi nyayoni. Baba alikuwa amefumba macho, mikono juu, kama aliye kanisani. Atupele alizunguka na ungo wangu, akizunguka tu, na kila alipozunguka ungo ulizidi kuwa mweusi. Mimi nilitazama nikiwa nimebandika paji la uso kwenye kioo.

Gidioni naye alisogea hadi kwenye kioo. Mwishowe akasema, "Mbona wanafurahi hivyo? Ningekuwa na mwenyeji hapa, ningeshuka."

Nilimsikia vizuri. Sikufungua mlango.

Jioni mama aliwakanda kungu, akawaoka. Akamgawia baba, akamgawia Atupele. Mbele yangu akaweka paja la kuku.

"Mama, mbona mimi sina?"

"Kula kuku, baba," akasema kwa upole. "Kungu ni chakula cha watu wa huku."

Baba akainamia sahani yake. Neno la kuomba radhi lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalishushia na kuku.

Mwanangu, ukiwaona watu wako wanafurahi mbele ya macho ya watu, vua viatu uingie. Usimtazame rafiki kwanza ili ujue kama inafaa. Pengine naye anangoja umwonyeshe njia. Na kama umekwisha kuwakana, omba radhi siku hiyohiyo, chakula kikiwa bado cha moto. Usiseme kesho, kama mimi nilivyosema mwaka baada ya mwaka. Mungu akujalie misimu mingi ya joto, ziwa tulivu, na mkono wa mzazi unaokuita.

Mama aliishi miaka kumi na minane baada ya siku ile. Alinisomesha, aliniombea, hakunisema kwa mtu yeyote. Ungo wa kwanza alimpa Atupele kila mwaka. Siku hizi kungu wakipanda nashuka ziwani peku, nasimama katikati yao hadi wapite. Lakini mama hakuniita tena, na sikusimama naye tena humo hadi tulipomzika.