Marehemu Fundi Liévin

Ukitaka kushonewa suti ya ndoa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, na huna haraka, nenda kwa fundi Liévin. Ukiwa na haraka tafuta mwingine, maana huyu anashona huku akibishana. Atabishana nawe juu ya kola, juu ya mpira, juu ya mvua iliyochelewa, na mguu wake hautaacha kukanyaga mashine. Miaka thelathini yuko kwenye baraza ileile, tangu alipofika kutoka Mitwaba, huko kaskazini, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa. Masikio yamebaki vilevile.

Jambo moja tu hakulibishania kwa mzaha: dada yake mkubwa, yaya Chilufya. Mama yao alikufa Liévin hajaota meno, na Chilufya, msichana wa miaka kumi na moja, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamchapa, akamfundisha kuomba. Miaka tisa iliyopita vita viliingia kijijini kwao upande wa Mitwaba. Nyumba zikachomwa, watu wakatawanyika porini, na simu ya Chilufya ikanyamaza siku hiyohiyo. Liévin alimtangaza redioni. Aliandikisha jina lake kwenye orodha za waliopotea. Kila lori lililotoka kaskazini alilifuata, akawauliza madereva mpaka wakaanza kumkimbia. Hakupata hata fununu.

Sasa, mkuu wa ukoo wao ni mjomba Godefroid, mzee aliyestaafu reli, ambaye bado anaishi kwa saa za treni. Kila Sikukuu ya Watakatifu Wote mzee alifika barazani, akakalia kigoda, akaanza upya.

"Mutoto, muntu hawezi kubakia katikati, haiko mufu, haiko muzima. Tufanye kilio ya Chilufya, tumalize. Apumuzike."

"Mujomba, nani alimuona amekufa?"

"Na nani alimuona muzima?"

"Basi tuko sawa. Tungoje."

Mwaka jana mzee alichoka kungoja. Alitaja tarehe: Jumamosi ya mwisho ya Agosti, misa asubuhi, kilio mchana, na padri ameshaambiwa. Hata Simone, mke wa Liévin, alikuwa upande wa mzee. Si kwamba hakumpenda wifi yake, la. Alichoka kulala na mume anayeshtuka kila lori likipita. Liévin akaona kweli amebanwa. Kumlilia Chilufya kwake ilikuwa sawa na kumfukia yeye mwenyewe, kwa mikono ambayo dada huyo alimfundisha kuikunja wakati wa sala.

Mwezi wa sita akaja mteja mpya, jamaa mmoja wa sinema, jina lake Clément. Alikuwa anatengeneza filamu fupi za kuwafundisha watu waliokimbia vita: namna ya kujikinga na kolera kambini, namna ya kulala chini risasi zikilia, kwa nini usiguse chuma usichokijua shambani. Alitaka kushonewa blauzi tatu za wauguzi na sanda moja.

"Bitaonyeshwa wapi, hii bifilm?" Liévin akauliza, mguu ukiendelea.

"Mu kambi yote ya kaskazini. Mpaka ku Mitwaba."

Mguu ukasimama. Wateja wawili waliokuwa pale wakageuka kutazama, kwa kuwa mashine ile ilikuwa haijawahi kunyamaza katikati ya mshono.

Liévin akasema naye anataka kuingia kwenye filamu. Clément akacheka, akasema kila nafasi ina mtu wake, imebaki ya maiti tu. Waigizaji wote wameikataa. Nani atajilaza ndani ya sanda na kukiita kifo kwa jina?

"Nitakuwa maiti," Liévin akasema. "Lakini bale banawake benye kulia, balie jina yangu. Banite Liévin."

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kama Chilufya yu hai, atakuwa kambini. Akiwa kambini ataiona sura, atalisikia jina, atajua ndugu yake yuko Lubumbashi na bado anamtafuta. Alifurahi na hesabu ile kama mtu aliyeokota ufunguo wake. Simone hakufurahi. Siku ile alimwekea bukari, ugali mtupu bila mboga.

"Baba Myriam, na kifo hakuna kucheza."

"Sichezi. Niko natafuta muntu."

Basi akalala kwenye mkeka, katika ua wa watu, jua likimchoma, nzi akitembea puani. Alipiga chafya mara mbili na kifo kikarudiwa mara mbili. Wanawake wanne walimlilia kwa nguvu zao zote, "Liévin! Liévin!", mpaka majirani wakachungulia. Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza, ya mtu aliyeharisha siku mbili akakaa nyumbani. Sehemu ya pili ilimwonyesha mtu huyohuyo akinywa maji ya chumvi na sukari, akikimbizwa kwenye kituo cha afya, akirudi kwake anatabasamu. Pale Liévin alitabasamu kupita kiasi, na masikio yakaonekana vizuri.

Julai ikapita. Agosti ikafika katikati. Mjomba Godefroid akaja na orodha ya waalikwa, akakalia kigoda chake. Alikuwa anasoma jina la kumi na tisa, na Liévin akibishana na mteja juu ya zipu, simu ilipolia.

"Weye njo Liévin wa mu film ya kolera?" Sauti ya mwanamume, ya heshima, ikitaka kujua kama ndiye.

"Njo miye."

"Ule mwenye kufa?"

"Njo miye."

"Tafazali, baba, uko muzima?"

"Niko nashona pantaloni."

Yule mtu akapumua kwa nguvu. Alikuwa Ephraïm, muuguzi anayeonyesha filamu kambini karibu na Mitwaba. Namba alikuwa amepewa na Clément. Akaeleza. Watu wa kambi walikaa katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa maturubai. Filamu ya kwanza ilikuwa ya vita, yenye moshi wa kweli na nyumba za kweli zilizoungua, na watu waliitambua milima yao. Ya pili ikawa ya kolera. Basi kila mtu alidhani na hii ni habari ya kweli. Mama mmoja alipoona maiti na kusikia jina, alianguka. Wakamtoa nje. Sehemu ya pili hakuiona.

"Iko siku ya tatu tuko ku kilio yako, baba. Nilimuambia unaamuka. Akaniambia nisimutukane, mufu hanywake maji ya chumvi."

Liévin alitafuta pa kuketi, na pa kuketi palikuwa chini yake tayari. Kumbe jina aliloomba lililiwe liwe ishara kwa dada yake, ndilo lililomuua yeye machoni pa dada huyo. Akaiweka simu mezani na kuifungulia sauti, mjomba akasikia kila kitu.

"Weye ni nani?" Sauti ya mwanamke, imekauka kwa kulia.

"Yaya, ni miye."

"Sauti inafanana. Sauti haitoshe. Chungu ya mama, nani aliivunja?"

"Miye."

"Na nani alichapwa?"

"Weye, yaya. Uliambia baba ni weye."

Hapo akaja juu, vilevile kama zamani.

"Nani alikupa ruhusa ya kufa, Liévin? Nani? Nilikubeba ku mugongo juu ya ile, ukufe?"

"Unisamehe, yaya."

Alimgombeza dakika nzima, na fundi wetu, mbishi wa Kamalondo yote, alikubali kila neno. Machozi yalikuwa yanadondokea suruali ya mteja. Simone alitoka ndani, akasimama nyuma ya mume wake na kumshika mabega.

Kisha Chilufya akatuliza sauti.

"Nilikulilia siku tatu. Nilinyoa kichwa. Na weye, hii miaka yote, ulinililia siku ngapi?"

Liévin akamtazama mjomba Godefroid. Mzee alikuwa ameikunja orodha ya waalikwa mara nne, anaendelea kuikunja.

"Hata moja, yaya. Hata siku moja."

Kutoka Mitwaba wakamsikia akipenga kamasi.

"Aksanti," Chilufya akasema. "Aksanti, mutoto ya mama."