Siku Malkia Alipofoka kwa Sauti ya Mama Wawira

Afadhali mlisikie kutoka kwangu mwenye aibu, maana waliokuwepo siku hiyo wamenitangaza kutoka Kianjokoma mpaka Embu mjini, na kila mmoja anaongeza chumvi yake.

Ulikuwa mwaka ule wa korona, shule ndiyo zimefunguliwa baada ya kufungwa miezi na miezi, na mimi, Madam Karimi, mwalimu wa Hisabati (ambaye hata kwaya ya kanisa iliniomba kwa upole nihamie kamati ya kupanga viti), nikapewa kazi ya kuandaa mchezo wa kuigiza wa nyimbo. Mwalimu wa muziki alikuwa na kisukari na daktari alimkataza mikusanyiko. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Nyaga, alitaka wazazi waje wakae uwanjani, kila mmoja na kiti chake mbali na mwenzake, wajionee kwamba shule ni salama, kwa sababu wanafunzi wengi walikuwa hawajarudi na madarasa yalibaki na mapengo kama meno ya mtoto.

Mchezo wenyewe ulihusu malkia anayefunga milango ya mji kwa kuogopa ugonjwa, hadi upweke unamliza. Malkia alikuwa Wawira, msichana wa kidato cha tatu kutoka Manyatta, mwenye sauti ambayo ukiisikia unaacha kutafuna. Sasa Jumatatu ya wiki ya onyesho, Wawira alikuwa anafagia darasa, vumbi likampanda puani, akakohoa. Mara tatu tu! Lakini mwaka ule kukohoa kulikuwa kosa kubwa kuliko kuiba mtihani, na kabla ya saa nne alikuwa langoni na sanduku lake, amepewa siku kumi na nne akae nyumbani.

Nikabaki na Kendi. Kendi ni mrefu, anatembea kimalkia kabisa, lakini akiimba utadhani ni mlango wa bati unafunguliwa na upepo. Ningemwendea Bwana Nyaga nimwambie tuahirishe, yangeisha. Badala yake nikamtazama Kendi akiwa na barakoa yake usoni, nikajiuliza: kwani nani anaona mdomo? (Hapo ndipo nilipopotea, jamani. Hapo tu.)

Nikampigia Wawira kwa simu ya mamake, nikijua mama yuko shambani na simu huiacha nyumbani. Mtoto hakuwa hata na mafua. Tukapatana kwamba Ijumaa saa nane, mama akiwa amepeleka majani chai kwenye kituo cha kuyapimia, nitapiga tena, nichomeke simu yangu kwenye spika nyuma ya pazia, Wawira aimbe akiwa jikoni kwao na Kendi afuatishe kwa mikono jukwaani. (Mtaniuliza kwa nini sikumrekodi tu. Nilijiona fundi, nilitaka kitu moto moto.)

"Na simu ikileta maneno, Madam?" Kendi akaniuliza.

"Chochote kitakachotoka kwa spika, wewe fuatisha. Usisimame hata kidogo."

Kendi ni mtoto mtiifu. Mtiifu kupita kiasi.

Ijumaa wazazi wakaja, wakanyunyiziwa dawa mikononi, wakaketi. Bwana Nyaga akasimama kuwakaribisha, akasema kwa kifua mbele, "Wazazi, nasema bila kuogopa, hapa kwetu hakuna mwanafunzi hata mmoja amerudishwa nyumbani kwa sababu ya hii korona. Hata mmoja!" Nyuma ya pazia (mashuka ya bweni tuliyoyashona pamoja) nilitaka kuuchomoa waya wa simu, lakini ngoma ilikuwa imeshaanza.

Wimbo wa kwanza ulitoka vizuri ajabu. Akina mama walifuta machozi, Bwana Nyaga akatikisa kichwa kwa furaha, na mimi nikaanza kujiona naibu wake. Wimbo wa pili, katikati ya ubeti, spika ikatoa kishindo cha mlango, kisha sauti ya mwanamke ikajaza uwanja mzima.

"Wawira! Unaimbia nani na simu yangu?"

Kumbe gari la majani chai lilikuja mapema. Kendi, bila kusita, akanyoosha kidole.

"Ni Madam, mama, kuna onyesho shuleni..." Wawira akajibu ndani ya spika.

"Madam gani? Si ni hao walikufukuza wakisema uko na korona? Majirani wameacha kununua maziwa yangu! Hata kwa maombi ya Jumatano kanisani nimewekewa benchi ya peke yangu! Sasa hiyo korona haipiti kwa sauti?"

Kwa maziwa, Kendi akajipiga kifua. Kwa benchi, akajikunyata kama mtu aliyetengwa. Kwa swali la mwisho akashuka jukwaani, akamwelekezea Bwana Nyaga kidole (akizingatia umbali unaotakiwa), na wazazi wakapiga makofi wakidhani ni mchezo bado.

"Malkia ameamka!" mzee mmoja akashangilia.

"Na huyo Nyaga wenu," spika ikaendelea, "mwambie nakuja huko kwa miguu yangu mwenyewe!"

Makofi yakakatika, maana katika mchezo hakukuwa na Nyaga. Nikaurukia waya wa simu, nikavuta kamba ya pazia, nikajikwaa, na mashuka yote yakaniangukia. Nilipotoa kichwa, wazazi wote walikuwa wananiona nimeishika simu kama mwizi aliyefumaniwa na kuku mkononi.

"Mama Wawira, tafadhali, watu wote wanakusikia!"

"Wasikie!" akanijibu. "Wasikie wote!"

Mama mmoja wa safu ya pili akasimama. "Bwana Nyaga, huyo mtoto yuko na korona ama hana?"

"Alikohoa tu," Bwana Nyaga akasema. Barakoa yake ilikuwa imelowa jasho. "Nafikiri ilikuwa vumbi."

"Mlimpima?"

"Hatukumpima."

Akanipokonya simu, akavuta pumzi, akasema mbele ya wote, "Mama Wawira, tulikosea. Mlete mtoto Jumatatu." Mimi pia nikaomba msamaha, tena kwa Kimeru cha kwetu Laare, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenitoroka chote.

Jumamosi nilikwenda Manyatta mwenyewe. Mama Wawira aliniwekea kigoda nje, mbali na mlango. "Kaa hapo," akasema, "uone vile tumekuwa tukikalishwa." Akaweka kikombe cha chai juu ya jiwe, akarudi nyuma ndipo nikichukue. Nikanywa yote, ya moto, bila kuinua macho.

Kisha akaniuliza, bila hasira sasa, "Madam, ungenipigia mimi, ningemleta mwenyewe mpaka langoni aimbe. Mbona hukunipigia?"

Nilikuwa nimewaza waya, barakoa na mikono ya Kendi, lakini yeye sikumwaza hata mara moja. Tangu hapo nimeapa: nikihitaji chochote kwa mtoto wa mtu, simu ya kwanza nampigia mzazi wake, na ninaanza na salamu.