Rangi ya Baiskeli ya Baba

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu Kariakoo kumnunulia baiskeli. Muuzaji akamuuliza, "Unataka rangi gani, mama?" Mtoto akaanza kusitasita, mara bluu, mara njano, na mimi nikawaacha dukani, nikatoka nje. Najua utanicheka. Ngoja kwanza nikusimulie habari za Guangzhou, China.

Nilikuwa na miaka tisa, ile miaka ya mwisho ya tisini. Tuliishi watatu katika chumba kimoja karibu na masoko ya jumla ya Zhanxi. Mama alinunua jinzi na viatu vya kupeleka Dar es Salaam. Baba, ambaye nyumbani alikuwa mwalimu wa jiografia, kule kazi yake ilikuwa kufunga marobota ya mama kwa kamba. Wafanyabiashara wenzake mama walimwita "shemeji" kwa sauti iliyoficha kicheko, naye alijua. Shule sikuwa nayo, hivyo asubuhi alinifundisha mwenyewe, kisha tukashuka wawili kula uji wa wali na maandazi yao marefu yanayochuruzika mafuta. Mpaka leo nikisikia harufu ya jinzi mpya, naona njaa ya ule uji.

Baba hakuwa mtu wa kulalamika. Alianza tu kuunda baiskeli, kipande kwa kipande, kwenye uchochoro wa mafundi nyuma ya stesheni ya treni. Ilikuwa baiskeli ya safari ndefu, yenye vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma. Nilidhani anajifurahisha. Ilipobaki rangi tu, nikawasikia baba na mama wakigombana: baiskeli ingepanda kontena la mama, na baba angerudi nyumbani kuipokea, kisha aiendeshe kutoka Dar hadi Kigoma kwa bibi.

"Na huku unarudi lini?" mama aliuliza.

Baba akavuta kamba ya robota, akaikaza. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Kesho yake alinishika mkono hadi kwa fundi wa rangi, mwanamke mtu mzima tuliyemwita ayi, yaani shangazi, kama tulivyowaita wanawake wote wa umri wake. "Chagua wewe," baba akaniambia. "Nikiwa njiani nione rangi ya mwanangu." Alidhani ananipa zawadi.

Sasa, mimi nilikuwa mtoto wa biashara. Kila kiwanda tulichoingia nilimsikia mama akisema yale yale: sampo kwanza, yaani mfano wa bidhaa, na mteja asipoikubali sampo, mzigo hautoki. Nikaona mteja ni mimi. Nisipokubali rangi, baiskeli haitoki, na baba haendi popote.

Ayi alipaka vipande vya bati akavipanga ukutani. Nikakataa vyote. Kesho yake nikampelekea ganda la tunda la lichi, nikasema nataka rangi hii. Akachanganya mchana kutwa, nikasema imekolea mno. Nikaleta pindo la kanga ya mama, nikaleta kizibo cha soda. "Meiyou, meiyou!" alilalamika, hakuna, hakuna, akinionyesha makopo yake matupu, halafu maskini akachanganya tena. Baba alikaa kwenye kigoda, mvua ikipiga bati juu yetu. "Mwache," alimwambia ayi kwa Kichina chake cha kuungaunga. "Anataka iwe nzuri."

Mama ndiye aliyenishtukia. "Wewe, kontena linafungwa Alhamisi. Unajua unachofanya?" Nilijua, na nilijivunia.

Alhamisi kontena likaenda bandarini Huangpu bila baiskeli. Jioni nilikula mpaka nikasugua sahani, nikamwomba baba anifundishe mito ya nyumbani. Alinifundisha yote, taratibu, Malagarasi wa kwao Kigoma akaurudia mara mbili. Jumatatu nilipoamka, alikuwa amevaa koti na begi liko mlangoni. Kumbe tiketi ya ndege alikuwa nayo siku zote. Sikuwa nimezuia chochote isipokuwa baiskeli.

"Ukipata rangi uniandikie," alisema, mkono wake kichwani kwangu. Laiti angenigombeza.

Alikwenda Kigoma kwa treni, akabaki huko, akaoa. Barua zake za mwanzo ziliuliza, rangi je? Za baadaye hazikuuliza tena. Aliugua akafariki bila kuiendesha ile safari, na mimi sikuwahi kumwambia ukweli. Baiskeli tuliirudisha chumbani na rangi yake ya msingi ya kijivu, mama akiitumia kuanikia nguo, mpaka tulipohama tukaiacha. Nimerudi Guangzhou mara mbili kwa biashara. Uchochoro ule umevunjwa, na wala sikumpata mtu wa kumuuliza ayi alikokwenda.

Lakini wewe nitakwambia. Rangi niliiona siku ile ile ya kwanza. Ilikuwa kijani, kipande cha tatu ukutani, bado hakijakauka. Niliipenda palepale. Baba akaniuliza, "Hii je?" nami nikatikisa kichwa kukataa.