Safu ya "Nimefanya Mwenyewe"

Bado naisikia sauti ya ule mfuko wa kupulizia hewa, mwanangu. Naisikia hata sasa nikikukagulia kitabu chako cha mazoezi.

Nilikuwa mwanafunzi kama wewe, nimepelekwa kujifunza kazi kwenye gari la wagonjwa kule Masumbwe. Kitabu changu kilikuwa na safu mbili: "Nimeona" na "Nimefanya mwenyewe". Msimamizi wangu, Mama Kulwa, alitia saini kila Ijumaa, kurasa zote kwa mkupuo, amechoka, ananiamini. Nami kwa ujuaji wangu nikaweka alama kwamba nimempumulisha mgonjwa kwa mfuko, mimi mwenyewe. Uongo mtupu! Nilikuwa nimeona mara moja tu, tena nimesimama mlangoni. Niliogopa kubaki nikirudia mafunzo wenzangu wakihitimu.

Jumatatu tukaitwa machimboni. Duara, lile shimo la wachimbaji, lilikuwa limetitia, na watu wawili wametolewa. Mmoja paja limechanika, damu inaruka. Mama Kulwa akamkandamiza kwa mikono miwili. Wa pili, kijana, udongo tele mdomoni, hapumui.

"Msafishe mdomo, mpumulishe!" akaniambia. "Hilo unaliweza, nimekusainia."

Nikamsafisha, nikabana mfuko, kifua hakiinuki. Hewa inatokea pembeni tu, fyuu, fyuu. Kaka yake alikuwa amepiga magoti karibu nami, tope hadi kwenye nyusi. "Mayu, mama yangu, anapumua?" Nikabana tena. Midomo ya yule kijana inageuka rangi mbele ya macho yangu, na mimi, Mungu anisamehe, bado nakiwaza kitabu.

"Mama, sijui!" nikapiga kelele. "Nilidanganya!"

Hakunigombeza. "Njoo ukandamize hapa. Kwa nguvu, usiachie." Tukabadilishana. Akainua taya la kijana, akabana mfuko, kifua kikapanda. Nami nikabaki na damu ya moto viganjani, nikilia kwa woga.

Wote wawili walifika hospitali wakiwa hai. Tulipokwisha kuwakabidhi, Mama Kulwa akaomba kitabu, akaikata saini yake mwenyewe, akaandika pembeni: "Ameona tu." Akasema, "Nilikuachia mtoto wa watu kwa sababu ya alama hii." Nikarudia mafunzo yote. Aibu ile ilikwisha zamani, lakini ile fyuu haijaisha.

Sasa naona hapa umeweka alama kwenye kumpumulisha mtoto mchanga. Sikuulizi lini wala wapi. Kama uliona tu, mwanangu, futa kabla sijasaini. Kitu usichokijua sema hukijui, na useme mapema, hapa mezani, si mbele ya ndugu aliyepiga magoti. Mungu akuongoze mikono, na kila utakayemgusa arudi kwao akitembea.

Haya, kalamu hii hapa.