Herufi ya Mama Sammy

Hamida binti Husseini hapendi kuulizwa mwanamke aliingiaje kwenye kazi ya shaba. Ukimuuliza, atakuuliza na wewe uliingiaje kwenye kazi ya kuuliza, kisha ataendelea kupiga tupa. Babake alikuwa akiziba masufuria huko Matungu, hakujaliwa mwana wa kiume, basi nyundo ikamwangukia Hamida. Sasa ana miaka hamsini na minane, ana kibaraza chake Shieywe, mjini Kakamega, na hajawahi kurudishiwa kazi hata mara moja. Hilo utaambiwa tu, hata kama umeleta kitasa.

Mzee Elkanah alimjia kutoka Iguhu na maganda mawili ya risasi, yamefungwa kwenye leso. Mkewe alikuwa sajini wa polisi. Aliuawa kazini huko kaskazini, na siku ya maziko wenzake wakampigia risasi za heshima hewani. Maganda wakayaokota, wakaenda nayo. Kesho yake Elkanah, akifagia uwanja, akakuta mawili yamesahauliwa chini ya migomba. Miaka minne aliyaficha, maana ukikutwa na ganda la risasi utajieleza mpaka mate yakukauke. Sasa mwanawe Sammy alikuwa anaoa Jumamosi, na mzee alitaka yawe vifungo vya mikono ya shati, vile vya kupenyeza kwenye matundu mawili, ili mama naye awepo kijana akivishwa pete.

"Ni haya tu, Mama Farouk," akamwambia Hamida. "Hakuna mengine."

"Baba Sammy, kazi hii sikuianza jana."

Akakata vitako vya yale maganda kwa msumeno mwembamba. Akasugua nambari za kiwandani zikafutika, akaacha kile kibonyeo cha katikati, pale sindano ya bunduki ilipogonga. Nyuma akalehemu vishikizo alivyobandua kwenye vifungo vya mitumba. Alhamisi asubuhi akampigia mzee simu: achonge herufi gani?

"Ya mama yao. Lisipa."

Hamida akachonga L chini ya kibonyeo, ndogo na safi, akang'arisha kwa jivu na limau. Akajisifu kidogo, na haki yake.

Adhuhuri mtu wa boda boda akaleta kadi ya mwaliko wa harusi. Hamida akavaa miwani, akasoma: Sammy, mwana wa Bwana Elkanah Andati na marehemu Sajini Risper. Risper! Kwa R! Loo, mama wa watu akaketi chini. Huku kwetu l na r ni ndugu wanaoazimana nguo, kila mtu anajua, na Hamida mwenyewe ni wa huku huku, sasa kilimshinda nini kuuliza? Kufuta hakukuwezekana. Vile vitako vilishakonda, akipitisha tupa tena vingetoboka. Aliona aibu, na aibu hakuwa ameizoea.

Jirani yake Yasin, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, mtu mzima mwenye wajukuu, alipoambiwa akacheka.

"Kwa hilo tu?" Akaenda kwake, akarudi na kopo la maziwa, akatoa maganda mawili yaliyomjia ndani ya gunia, ukubwa ni uleule. "Ganda ni ganda, Mama Farouk. Chonga R, mzee afurahi. Nani atajua?"

Nisimpake Hamida mafuta: alichonga. Kufikia Ijumaa saa sita alikuwa na jozi mbili juu ya kitambaa, na bila kusoma herufi hata yeye asingezitofautisha. Ile ya L akaitia mfukoni mwa aproni.

Elkanah akaja na shati jeupe la mwanawe, limepigwa pasi likanyooka. Hamida akampa jozi ya R. Mzee hakusoma herufi. Aliweka kidole gumba juu ya kibonyeo, akainamisha kichwa, midomo ikawa inacheza bila sauti. Akakaa hivyo. Hamida akatazama nyundo, akatazama barabara, akakosa pa kutazama. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema kuufichua kunauma namna gani.

"Baba Sammy, weka chini. Hiyo si yake."

Akamweleza yote, simu, kadi, mpaka kopo la maziwa. Akatoa ile jozi nyingine mfukoni. "Yake ndiyo hii. Ulisema Lisipa, nikaandika Lisipa. Nimeiharibu, na nilitaka kukudanganya. Nisamehe."

Uso wa mzee ukakunjamana, na Hamida akangoja kutukanwa. Angetukanwa angepumua. Elkanah akairudisha ile jozi ya kwanza kwenye kitambaa, akaisukuma mbali. Akachukua ya pili, akaisogeza karibu na macho.

"Hii ndiyo L?"

"Ndiyo."

Akatandika shati magotini, akaanza kupenyeza vifungo mwenyewe.

"Lakini Sammy amesoma," Hamida akasema. "Ataona ni makosa."

"Hiyo R ilikuwa ya serikali," mzee akasema. "Mimi nilimwitanga Lisipa miaka thelathini, na aliitikanga."